Akinyi, Njano Imepatikana

Akinyi rafiki yangu,

Njano imepatikana. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya kunisalimia.

Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike kule kwenu karibu na ziwa. Duka letu la picha hapa Silibwet bado liko wazi. Kufuli nimebadilisha, ile ya zamani ni wewe tu uliyeweza kuifungua kwa kijiko. Mama wa hoteli ya jirani bado analeta chai vikombe viwili kila saa nne. Nilimkumbusha mara mbili tatu kwamba niko peke yangu, nikachoka, sasa nakunywa vyote. Nimenenepa. Haya, cheka.

Printa nayo bado haitoi njano. Unakumbuka siku ilipoziba? Tulikuwa na picha ya yule mwalimu mkuu mstaafu, watoto wake wanaijia Jumamosi, na kila tukiichapa mzee anatoka rangi ya biringanya. Mimi machozi yalikuwa karibu. Wewe ulikaa juu ya ndoo ukitafuna muwa wako wa Fort Ternan, ukasema, "Kwani njano ni ya printa peke yake? Si tuko na skrini?"

Skrini tulikuwa nazo, zile fremu za kitambaa chembamba za kuchapa fulana za kwaya. Tukapaka moja dawa ya kushika picha, tukaianika juani asubuhi kabla mvua haijaanza, uso wa mzee ukashika kwenye kitambaa kwa vitone vidogo vidogo. Mara ya kwanza tulipitisha njano ya wino wa maji juu ya picha iliyochapwa, na mwalimu akatiririka mpaka kwenye tai. Mara ya pili ukatumia wino wa mafuta, mwepesi, ule unaoonyesha cha chini. Ukavuta mpira wa kusukumia wino mara moja tu. Tulipoinua fremu, uso wa mzee ulikuwa na uhai, karibu atutume chaki.

Tangu siku hiyo hatukuhangaika tena kuizibua printa. Watu walitoka hadi Kaplong wakiulizia "hizo bicha za watu wenye wanakaa ni kama wanapumua." Lakini ile njano uliichanganya kwa jicho, Akinyi. Nilikuomba mara ngapi tuiandike kwenye daftari? Ukanijibu, "Chela, wewe hata chumvi ungetaka kuandika." Haya, ukaondoka nayo.

Kisha mama yako akanipigia simu. Bado anachuma chai kule kwenye shamba ulikokulia, mgongo wake ni ule ule na sauti yake ni ile ile ya kuita mtu kutoka mstari wa mbali. Siku hiyo alizungumza polepole. "Chela, nifanyie picha ya Akinyi. Sura ya hosipitali inanifuata. Nikifunga macho naona hiyo tu."

Sikumwambia kwamba hata mimi ni hivyo hivyo. Nilikuwa nakusahau, rafiki yangu. Sauti yako nilikuwa nayo, na viatu vyako vilivyolika upande mmoja, lakini uso uliokuwa nao kabla ya ugonjwa ulikuwa unanitoka kidogo kidogo. Niliogopa sana.

Ulimpiga picha kila mtu, na yako nzuri tunayo moja tu. Nilikupiga kwa simu yangu pale kituo cha kuuzia majani ya chai, tukingojea lori. Unacheka, mwanya wote nje, hindi la kuchoma mkononi. Nikaichapa hiyo. Kisha nikajaribu njano, mara kumi na moja nilizohesabu. Moja ulitoka kama umepakwa bizari. Nyingine kama ndizi. Nikaweka kopo chini na kuacha.

Jumanne moja mama yako akafika bila kupiga simu, mfuko wa dagaa wa omena mkononi. Nilikuwa nimetandaza nakala zako mezani, zile zisizo na njano bado. Sikuwahi kuzifunika. Akaziangalia, uso wa bluu bluu, midomo ya zambarau, akakaa chini. "Ndiyo huyo," akasema. "Huyo wa hosipitali."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama yako unamjua. Alijifuta macho na leso, akauliza, "Rangi iko wapi?"

Nikampa kopo. Mtu ambaye ameangalia majani maisha yake yote, anayejua chipukizi la leo na la kesho kwa rangi tu, hahitaji daftari. Alichovya kidole. "Ongeza nyekundu. Kidogo. Kidogo, nimesema! Huyo ni mtoto wangu, si mandazi." Tukaongeza na hudhurungi ya ncha ya kijiko. Akachovya tena, akapaka mkononi mwake mwenyewe, kwenye ngozi uliyoirithi. "Hapo."

Niliandika vipimo kwenye daftari palepale kabla hajabadili mawazo.

Akataka kuvuta mpira mwenyewe. Nikamwonyesha, naye akavuta kwa mikono ile ya kubeba vikapu, na fremu ikateleza kidogo. Tukainua. Akinyi, ulirudi. Mashavu kwanza, halafu paji la uso, halafu ukawa wewe mzima, umejaa utundu, unatucheka. Mama yako akasema, "Nyathina," mtoto wangu. Nami nililia, na ilikuwa furaha tupu.

Halafu akainama karibu. "Na hilo jino?"

Fremu ilipoteleza, njano iliingia kwenye jino moja la mbele, kando ya mwanya. Nikaanza kuomba msamaha. Yeye akapiga kofi. "Ameanza mahindi bila kutungoja!" Tulicheka mpaka mama wa hoteli akaja kuona kuna nini, na chai mkononi. Siku hiyo vikombe viwili vilipata wanywaji wawili.

Nilichapa nyingine, nikaipanga sawasawa kwa alama zangu za pembeni ulizokuwa ukizidharau. Ilitoka bila kasoro. Mama yako akaziweka mbili kando kwa kando, akachukua yenye jino la njano. "Huyu mwingine ni msafi sana. Mimi sikuzaa huyu."

Kwa hiyo msafi amebaki na mimi, juu ya printa. Jumapili mama yako alinipigia baada ya kanisa, akicheka kabla hajasema hujambo. "Chela, nimefunga macho. Ako hapo. Bado anatafuna."

Sasa nakuahidi hivi. Wale wachumaji chai tuliosema tutawachapa picha wote, nitawachapa. Naanza na mama yako, na aproni yake ya plastiki, na njano ataichanganya yeye. Printa sitaizibua.

Kwaheri, Akinyi wangu. Maliza mahindi yako. Sisi huku tumeshaanza chai.

Chela