Matairi Niliyoyang'arisha

Jumapili, 9 Novemba. Kabeza.

Kwako Baba Keza,

Mvua ilianza asubuhi na mpaka sasa haijakata. Keza yuko kwa rafiki yake tangu asubuhi, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nimemwomba akae huko mpaka jioni ili asiuone uso wangu.

Wanaonisoma kwenye ukurasa huu wamezoea niwaandikie mambo madogo madogo juu yako: ulivyomenya chungwa ganda likatoka lote bila kukatika, ulivyoogopa panya na kusema humwogopi. Leo sina jambo dogo. Nina jambo nililolibeba tangu Machi, na sehemu yake tangu Ijumaa, na nataka ulisikie kwangu.

Nilijua tairi lina nyufa.

Nimeandika. Sasa naweza kuendelea.

Wasomaji wengine hawakulijua gari letu. Lilikuwa basi dogo jeupe, na ndani yake mtu alikuwa ametengeneza kitanda, jiko la gesi, kabati na tangi la maji. Tulilinunua kwa mzee mmoja na mkewe waliokuwa wanarudi kwao Ulaya, tukawa tunalikodisha kwa wageni wanaotaka kulala Akagera karibu na wanyama. Wewe uliliita gari la kulala. Siku ya kwanza tulilala ndani yake hapa hapa uani, watatu kwenye kitanda kimoja, na asubuhi ukachemsha chai, ukafungua mlango wa pembeni ukatangaza, "Abiria wote washuke!" Tulikuwa hatujatoka hata getini. Keza alicheka mpaka akapata kwikwi.

Wageni hawakuwa wengi. Gari lilikaa uani muda mrefu kuliko lilivyotembea, ubavu wake wa kushoto ukilielekea jua, na tangi la maji mara nyingi lilikuwa limejaa kwa sababu ulipenda liwe tayari wakati wowote.

Jumamosi tuligawana kazi. Wewe injini, mimi matairi. Unajua mji huu wetu: gari likipita na matope, watu wanageuka kumwangalia dereva. Niliyasugua kwa brashi na sabuni ya unga, nikayasuuza, kisha nikachovya kitambaa kwenye dizeli na kuyapaka ubavuni mpaka yakawa meusi kama viatu vya shule siku ya kufungua. Ulinisifu kwa hilo. Uliwaonyesha wageni matairi kabla ya kuwaonyesha kitanda.

Nyufa niliziona mara ya kwanza kiangazi cha mwaka jana. Tairi la nyuma, kushoto. Zilikuwa nyembamba, zimeizunguka rimu, kama visigino vya mtu anayetembea peku juani. Nilikuambia, "Baba Keza, hili tairi linapasuka ngozi." Ulikuja ukachuchumaa, ukaingiza kidole kwenye kashata, ile michongo inayokanyaga barabara, ukasema kashata zote zipo, tairi bado jipya kabisa. Ubavu hukuutazama. Sijui mtu anayetazama ubavu. Sisi sote tunaingiza kidole kwenye kashata, tukiona zina kina tunaridhika.

Hiyo ya kwanza nakusamehe, na mimi najisamehe.

Ya pili ndiyo inayonimaliza.

Ni asubuhi ile ya Machi. Wageni walikuwa wanakusubiri Kayonza. Hatukuwa tumepata wageni tangu kabla ya Krismasi, na ulikuwa unaimba bafuni. Nilichuchumaa na kitambaa changu nikaona nyufa zimekua. Mmoja ulikuwa na urefu wa kidole changu, na nilipousukuma mpira kwa gumba ufa ulifunguka, nikaona nyuzi ndani yake. Nyuzi, Baba Keza, kama za nguo iliyochakaa. Nikawaza: nikimwita, safari itaahirishwa, na kule kuimba kutakoma. Nikachovya kitambaa. Nilipaka mara mbili. Ufa haukuonekana tena.

Ulitoka, ukasimama, ukasema, "Mama Keza, leo yanang'aa kuliko gari lenyewe."

Nilicheka.

Tairi hilo lilipasuka ulipopita Rwamagana, kwenye mteremko, na gari na maji yake yote likapinduka nawe. Ulikuwa peke yako. Msibani watu walisema saa yako ilikuwa imefika, na mimi neno hilo nikalishika kwa mikono miwili. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kwa miezi minane sikumuuliza fundi yeyote tairi lilipasukaje, kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Matairi matatu yaliyobaki, pamoja na lile la akiba, yaliletwa nyumbani kutoka gereji baada ya ajali, na mdogo wako Modesti akaja kuyachukua. Yalilingana na ya gari lake la kubebea viazi. Aliingiza kidole kwenye kashata, kama wewe. "Shemeji, haya ni mapya. Kaka ameniachia urithi." Akafungua mdomo ili acheke, akalia. Nilimwambia achukue tu.

Ijumaa niliitwa Gatsata, kwenye gereji walikolivuta gari baada ya ajali, niliondoe kwa kuwa linachukua nafasi. Fundi wa matairi pale anaitwa Sadiki, mtu wa Bukavu, mnene, mwenye maneno kwa kila anayepita. Alikuwa ameliweka lile tairi ukutani.

"Mama, karibu uone. Hii pine ndiyo iliua mzee," alisema, kwa sauti ya chini. Kisha akashindwa kujizuia. "Angalia: kashata ya kijana, ubavu wa kikongwe!"

Alifuta vumbi ubavuni akanionyesha nambari nne zilizochongwa kwenye mpira. Mbili za wiki, mbili za mwaka. Siku zote zilikuwepo chini ya kitambaa changu, nami nilidhani ni mapambo.

"Uko na mtoto, Mama?"

"Ninaye. Ana miaka kumi na moja."

"Basi wakati hii pine inatoka kiwandani, huyo mtoto iko ananyonya."

Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto, bila haraka. Gari linalotembea kila siku humaliza kashata. Gari linalosimama hufa ubavu. Mpira una mafuta yake ndani. Tairi likizunguka linajikunja, na mafuta hayo yanatoka nje kuulinda mpira. Likisimama mwaka mzima juani na mzigo juu yake, linakauka kama ngozi ya ng'ombe. Tairi linaweza kuwa halijachakaa na likawa limezeeka.

Halafu akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Na hapa kuna mtu alikuwa anapaka mazutu, hii dizeli. Mazutu inakula mpira, Mama. Nani alikuwa anaosha gari?"

Nikasema, "Mfanyakazi."

Hatujawahi kuwa na mfanyakazi.

"Huyo mfanyakazi alikuwa anapamba maiti," Sadiki alisema, kisha akakumbuka anaongea na nani, akashika kichwa. "Pole, Mama. Ihangane. Mdomo yangu hii."

Nilimuuliza kuhusu mengine ya umri huo huo. Alisema yote ni hivyo hivyo, hata la akiba ambalo halijagusa lami. "Kama kuna mtu anatembelea hizo pine, mwambie leo."

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri. Nilifika nyumbani nikashika simu. Niliandika "Shemeji," nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Nikimwambia matairi ni mabovu, atauliza nimejuaje. Nikimwambia fundi ndiye aliyesema, atakwenda kwa fundi, na fundi atamsimulia habari za mfanyakazi. Kila njia niliyoifikiria iliishia kwangu, nimechuchumaa na kitambaa.

Jumamosi nilijua yuko barabara ya Musanze, kwenye zile kona, viazi vimejaa nyuma na mkewe Yosefina kando yake. Nilipika, nikafua, nikapiga pasi sare ya Keza. Simu ilikuwa mfukoni. Kila ilipotikisika nilisimama wima. Jioni akanitumia picha ya gunia: "Shemeji, viazi vizuri mwaka huu. Kesho nakupitishia."

Nikamjibu, asante.

Nilikuwa na siku nzima mkononi, na neno nililoweza kuandika ni asante.

Leo walikuja kabla ya saa sita. Walikuwa wanakwenda harusi ya binti wa shangazi yako Kayonza. Modesti kwenye usukani, mama yako mbele amevaa vazi lake la sherehe, umushanana wa zambarau, Yosefina kiti cha nyuma na watoto wao wawili. Modesti alipiga honi akapaza sauti getini, "Shemeji, toka upesi, viazi vyako vinaota mizizi huku!" Na mama yako, ambaye miguu inamuuma lakini ulimi haujambo, akasema, "Aje haraka, bibi harusi asije akazeeka tukiwa hapa."

Nilitoka na mwavuli. Niliona matairi kabla ya kuona nyuso zao. Modesti alikuwa ameyaosha kwa ajili ya harusi.

"Msiende na gari hili," nilisema.

"Umeota nini, Shemeji?"

"Sijaota. Matairi yamekufa ubavuni. Haya ni ndugu za lile lililomuua kaka yako."

Nikasema yote. Nilisema hapo hapo kwenye mvua, na wakati mmoja nilijisikia ninaongea upesi upesi kama mtoto aliyevunja sahani. Fundi, nambari nne, dizeli, ufa, nyuzi. Nilisema kwamba mfanyakazi ni mimi. Mwavuli nilikuwa nimeushika pembeni, haumfuniki mtu.

Modesti alishuka, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma na suti yake, akausukuma mpira kwa gumba. Mara ya mwisho nilipomwona akichuchumaa hivyo ilikuwa kaburini kwako.

"Yesu we," alisema. Kisha akamwambia Yosefina awashushe watoto.

Mama yako hakushuka. Aligeuza uso kwangu akaniuliza kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna ufa, Mama. Sikujua kwamba unaua. Ijumaa ndiyo nimejua."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumapili."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

Habari ya jana hakuiuliza. Jana alikuwa nyumbani kwake, hajui kwamba mtoto wake wa pili yuko kwenye kona za Musanze juu ya matairi hayo, na mimi niliyejua nilikuwa napiga pasi. Laiti angenipiga kofi.

Alishuka bila kushika mkono wangu. Akamshika mjukuu mdogo, wakatembea kwenda kutafuta basi, umushanana unaburuta kwenye maji. Nilimkimbilia nikamnyooshea mwavuli. Aliuangalia, akaendelea kutembea. Yosefina ndiye aliyeuchukua, akamfunika.

Modesti aliteremsha gunia langu akaliegemeza mlangoni, mahali pasipofikiwa na mvua. Aliingiza gari uani. Akaniwekea funguo juu ya gunia, badala ya kunipa mkononi.

"Asiliguse mtu," alisema.

Hakuniita Shemeji.

Saa tisa Yosefina ameniandikia: "Tuko salama." Sijui kama aliwaambia wenzake kwamba ananiandikia. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, kwanza kwa shukrani, halafu kwa aibu, kwa sababu ningeweza kuupata Ijumaa, bila mvua, bila mama yako kuwa mbele.

Tangu wakati huo nimekaa hapa mezani. Nimejaribu kukulilia wewe na nimeona ninajililia mwenyewe. Watu watasema angalau umesema, angalau wako hai. Kwa upande wao ni kweli. Kwangu mimi naona tu kwamba nilinyamaza mara mbili, na mara ya pili sikuwa na kisingizio cha kutojua. Kama wasingepitia hapa leo, kama Modesti angesema ataleta viazi wiki ijayo, sina hakika ningepiga simu. Nimejiuliza siku nzima na sina hakika. Hilo linanitisha kuliko ufa.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa mama yako. Nitapiga magoti mlangoni kwake. Akinifukuza nitaondoka, na keshokutwa nitarudi.

Lakini kabla ya kesho kuna jioni ya leo, na Keza. Lazima asikie kwangu, kwa sababu wale watoto wa Modesti walikuwa pale garini na wamesikia kila neno. Sijui mtoto wa miaka kumi na moja anaambiwaje jambo hili. Nimeandika sentensi ya kwanza kwenye karatasi mara tano. Zote zinaanza na neno "Baba yako," na hakuna hata moja inayofika mwisho.

Wewe ulikufa ukiniamini. Siombi unisamehe, sijui hata kama huko uliko mnapewa nafasi hiyo. Mimi hakuna siku inayopita sijakukumbuka, na sasa nitakukumbuka pamoja na hili.

Nawe, kama inawezekana, unikumbuke. Unikumbuke na kitambaa changu mkononi, kama nilivyokuwa. Lakini unikumbuke.

Mama Keza