Mama Mdogo Si Ng'ombe wa Jirani

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa maktabani, nyuma ya kabati la ramani, na hili sijapata kumwambia mtu yeyote: tangu mwaka uanze nimekuwa nikimwandika mama yangu mdogo kwenye daftari la Biolojia, na nimemwandika kama ng'ombe.

Tafadhali usicheke mpaka umalize. Mama mdogo ndiye anayenilea, ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na minane, na yeye na baba mdogo wanatafuta mtoto mwaka wa pili sasa, na tarehe za siku zake za mwezi huziandika kwa chaki ya kushonea nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, ambako mimi hupiga pasi kila jioni, kwa hiyo sikupekua, nilisoma tu, maana chochote chenye maandishi nakisoma, hata boksi la dawa ya meno. Sasa mwalimu wa Biolojia akatuambia tufuatilie kwa miezi sita mabadiliko yanayojirudia kwa kiumbe hai mmoja nyumbani, wenzangu wakachagua kuku na paka, na sisi kwetu hatuna hata mende wa kudumu, basi nikachukua tarehe za mlangoni, na kwa heshima nikaandika juu yake, "Ng'ombe wa jirani".

Tatizo ni kwamba tarehe zenyewe zimevurugika, siku ishirini na nane, kisha ishirini na mbili, kisha arobaini na tano, na mara nne kwa siku joto linampanda ghafla, anaacha suruali ya mteja imening'inia kwenye sindano anakimbilia dirishani kujipepea kwa karatasi ya kukatia kola, na baba mdogo siku hizi analala na koti kwa sababu madirisha yote yako wazi, na mimi hayo yote niliyaandika kwa uaminifu, mpaka mwalimu akanirudishia daftari lenye wino mwekundu: "Kazi safi. Lakini ng'ombe anafunguaje dirisha?" Na chini yake: "Dalili za uzazi kuanza kufifia. Mwenye ng'ombe akitaka ndama, asisubiri."

Hapo nilikimbilia maktabani. Nikatafuta kitabu kinene, nikasoma kwamba kipindi cha kuelekea kukoma hedhi kwa wengi huja katika miaka ya arobaini, lakini kwa baadhi huanza mapema, bado wako thelathini na kitu, mayai yamepungua, yai halitoki kila mwezi, na mimba inakuwa ngumu kuingia. Na mama mdogo kila akichelewa anadhani tayari, anashona kigauni kidogo, tumefika cha tano, na siku zikija anakikunja polepole anakiweka sandukuni, anasema, "Haya, bado. Mtoto hana haraka, na mimi sina." Baba mdogo akimwambia waende kwa daktari anamjibu, "Wewe fundi bomba, kazibue mabomba. Mimi nikifika arobaini nitaenda."

Mshauri, haraka anayo na hajui! Mimi najua na sisemi, kwa sababu ataniuliza nimejuaje, na mradi wangu umeshika nafasi ya kwanza, umebandikwa ukumbini, na Ijumaa ni siku ya wazazi naye ameshajishonea nguo ya kuja. Je, niseme, au niugue Ijumaa?

Ni mimi, Miwani.

*

Miwani,

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Sasa kaa vizuri.

Siku za mwezi za mwanamke si mayai ya kuku, mwanangu. Ni zake. Kuzisoma mlangoni ni bahati mbaya. Kuzinakili, kuzichorea grafu na kuzipeleka ukumbini ni ukosefu wa adabu, hata kama una nafasi ya kwanza. Karatasi hiyo itoke kabla ya Ijumaa, na mwalimu aambiwe ukweli kwa sentensi moja. Na usithubutu kuugua! Utapelekwa hospitali, na huko utaanza kusoma mafaili ya watu.

Halafu, wewe si daktari, na mwalimu wako alikuwa anampima ng'ombe. Siku kuvurugika na joto la ghafla vinaweza kuwa hicho ulichokisoma, lakini vinaweza pia kuwa tezi ya shingoni, au dawa fulani, na siku kuchelewa huweza kuwa mimba yenyewe. Hilo linajulikana kwa vipimo, tena mara nyingi si kimoja, maana homoni katika kipindi hicho hupanda na kushuka zinavyotaka. Na kitabu chako naona hukukimaliza. Kuelekea kukoma si kukoma. Yai likitoka, hata mara mojamoja, mimba inaweza kuingia. Mlango unasogea, haujafungwa, na ndiyo maana muda una thamani. Mwanamke aliyepita thelathini na tano akitafuta miezi sita bila kupata, anakwenda kwa daktari. Huyu wako ana mwaka wa pili na anangoja arobaini kana kwamba kuna mtu atampigia kengele! Baba mdogo naye apimwe, asiende kushika mkoba tu.

Kwa hiyo sema. Ngoja aweke mkasi chini, mwombe radhi kwanza, kisha mwambie umeona, unaogopa, na ungependa aende mapema. Usitoe mhadhara. Usitaje ng'ombe. Akikufokea, fokewa, umestahili. Leo, si kesho.

*

Mshauri, nilifanya hivi.

Alhamisi niliibandua ile karatasi nikamwambia mwalimu kwamba ng'ombe ni mama mdogo. Aliisoma upya karatasi, kisha akasema, "Angalau sasa dirisha limeeleweka." Ijumaa alimpa mama mdogo mkono bila kumtazama usoni.

Lakini nyumbani nilikuwa nimeshasema, jioni ile ile ya Alhamisi. Alipoweka mkasi chini, maneno yako yote yalinitoka kichwani. Nikasema, "Mama mdogo, nisamehe, nimekuandika shuleni kama ng'ombe, na naona si vizuri ungoje arobaini." Nikamweleza yote.

Alinitazama sana. Kisha akauliza, "Wa maziwa au wa nyama?"

"Sikuandika."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na huko sakafuni kicheko kikageuka kilio. Nikakaa naye nikamshika mkono. Akasema, "Siku nyingi nimejua kuna kitu. Nilikuwa naogopa kuambiwa."

Jumatatu asubuhi walikwenda hospitali wote wawili. Alipimwa damu na altrasaundi, na baba mdogo naye akapewa kikopo chake cha kupimia mbegu. Daktari alisema inaelekea kipindi kile kimemwanzia mapema, kwamba mayai bado yapo ila si mengi, kwamba damu itapimwa tena, na kwamba wiki hii hii wamwone daktari wa uzazi. Wameshapangiwa siku.

Mimi niliomba ruhusa shuleni nikabaki kwenye chumba cha kazi kupokea wateja. Kila aliyeuliza nilimwambia fundi ametoka kidogo, na sikueleza zaidi.