Bega la Shakuru na Picha ya Radio

Shakuru,

Maharage iko jikoni. Dada yako Assia atakuteremshia sufuria, we usiiguse.

Asubuhi nimekuona ukianza kusali. Mkono mmoja umefika sikioni, wa pili umeishia kifuani. Halafu unajisifu: "Mama, picha ya radio inaonyesha bega ni zima." Radio inaona mifupa tu, bwana mukubwa. Munganga wa hospitali anahofia mushipa wa bega umechanika, na huo unaonekana kwa eko, ile mashine ya kupitisha juu ya ngozi. Ama umesoma kumushinda?

~~Mzee wa kukanda apite jioni.~~ Apana, asikuguse. Akikuvuta tena atamaliza kuuchana.

Nimeenda hospitali kukushikia nafasi ya eko. Unifuate. Ukienda depo kubeba mifuko, basi jioni ujivue shati mwenyewe. Mi ndiye nilikuvalisha.

Mama yako