Tairi za Mchangani na Mstari Nilioumeza

Jumatatu, 4 Agosti
Lori letu limepata kazi ya kupeleka saruji machimboni. Saa mbili za mchanga mtupu, halafu barabara ya udongo mkavu, mawe kila hatua. Na tairi zetu ni vipara! Dereva anataka zenye meno makubwa, eti zina sura ya kazi. Nilikuwa na la kusema. Nikanywa chai.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa fundi tairi, na Baba na Dereva. Fundi kamkatiza Dereva: meno makubwa mchangani yanachimba tu, lori linajizika lenyewe. Chukueni pana, meno mafupi, ubavu mgumu kwa ajili ya mawe. Dereva akanuna. Maisha yake yote kaendesha kwenye lami, lakini mdomo huo! Fundi akampa Baba kijitabu, mambo ya upepo yote yamo humo. Kiingereza kitupu. Baba akanigeukia: umesomeshwa lugha mbili, utatusomea.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekisoma mara tatu. Kimoyomoyo sina kigugumizi, lugha zote mbili zinateleza. Mistari miwili ndiyo yenye maana. Wa kwanza: ukiingia mchangani punguza upepo, tairi ilale, ikanyage kwa upana. Wa pili: ukitoka mchangani jaza tena hapohapo, la sivyo tairi inachemka na kupasuka.

Alhamisi, 7 Agosti
Wamenisimamisha sebuleni kama mtoto wa chekechea. "Pu-pu-pu..." Dereva akadakia: "Pu-pu-pu! Mzee, pikipiki yako haiwaki!" Baba alicheka mpaka akakohoa. Na Mama — Mama! — kaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika.

Mstari wa kwanza niliumaliza. Jasho mpaka kwenye soksi. Baba akauliza, ndiyo basi? Au tukusukume?

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo basi. Nikafunga kijitabu.

Nilijisikia vizuri. Naandika kwa sababu ni kweli. Akilini nilimwona Dereva kakaa kando ya barabara, lori limelala ubavu, hana wa kumchekesha. Nikala sahani mbili.

Ijumaa, 8 Agosti
Tairi zimefungwa. Nyeusi, pana, zinanuka upya. Dereva anazipiga mateke kama anazijua. Nilimsogelea. Niliamua kabisa! Akaniwahi: "Hujambo-jambo-jambo, Redio Mbovu?"

Basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Wameondoka saa moja asubuhi. Dakika ya mwisho Mama kapanda mbele — anakwenda kumwona mama mkubwa, kule karibu na machimbo. Hakuniambia. Nikasema "Ma—" na lori likaunguruma.

Saa tatu na nusu. Dereva kampigia Baba. Mchanga wameuvuka kama zulia! Wamenywa chai, sasa ndiyo wanaanza udongo. Baba kanipiga begani: kumbe una faida, mwanangu. Mara ya kwanza kaniita hivyo mwaka huu.

Nimempigia Dereva. Kapokea, kaweka spika. Kokoto zinagonga bodi, Mama anaimba.

"Ja-ja-ja..."

"Nani huyu? Jenereta?"

Mama kacheka. Kasema, mwache mwenzio, Dereva, lakini kacheka. Nikajaribu tena. Dereva kasema andika meseji basi, hapa kuna mashimo, akakata.

Meseji. Kwenye maandishi sina kigugumizi.

Nimeandika: Simameni, jazeni upepo, nilisahau kuwasomea. Nimefuta. Nani ataamini nilisahau? Kijitabu kiko mezani, mstari wa pili nimeupigia mstari kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nimeandika: Fundi tairi amepiga, anasema jazeni upepo. Lakini Baba atamshukuru fundi. Atampigia leo hiihii. Nimefuta.

Saa nne kasorobo. Baba anaita kutoka uani, kaninunulia soda. Nimemwambia naja.

Nimeandika: Mama, tairi zinaendeleaje?

Hiyo nimetuma. Nangoja wajibu, nitajua la kusema.