Jua la Mlango wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Uji wa Baba saa moja. Vijiko vinne, cha tano akakataa. Kisha kazi. Ofisi ya usanifu majengo ninakofanya kazi imenipa likizo ya wiki moja na yote naimalizia kwa mchoro mmoja: nyumba ya Baba ya Bungoma. Haijajengwa. Daktari alisema tuhesabu wiki, si miezi, kwa hivyo hataiona ikijengwa. Nataka aione kwa picha, iwe kama imesimama.

Mchoro uko tayari. Shida ni kuuhamisha kwenye programu ya kutengeneza picha. Niuseivu kwa faili ya aina gani: OBJ, IFC au FBX? Nimeanza na OBJ, inafunguka popote. Nyumba ikafika kijivu tupu, ndogo kama kiberiti. Vipimo vimepotelea njiani. Nimechukia.

Baba kutoka kitandani: "Mama, nyumba imefika?" Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mamake. Nikasema bado.

Jumanne, 4 Machi

IFC leo. Hii hubeba mambo yote ya fundi: unene wa ukuta, urefu wa dirisha, hata kaskazini iko wapi. Lakini rangi, wacha tu! Mabati mekundu yamepauka, vioo vimekuwa kama karatasi. Nimeitupa. Huwezi kumwonyesha hiyo mtu aliyefanya kazi ya reli na kulala nyumba ya kupanga ya kaunti hapa mtaa wa Ziwani miaka arobaini, akingojea yake.

"Imefika?"

Bado, Baba.

Jumatano, 5 Machi

Stima imepotea saa tatu, imerudi jioni. Mama yangu anataka nimwonyeshe Baba ilivyo tu, hata kijivu. Nimemjibu haraka haraka haina baraka.

Baba hakuuliza leo. Nimeogopa.

Alhamisi, 6 Machi

FBX. Ee Mungu, imefika! Mabati mekundu, vioo vinang'aa, hata nyasi. Nimelia kwa furaha. Kesho namwonyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimshikia laptopu mbele ya macho. Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Ni nzuri, mama. Lakini jua linatokea nyuma. Hapa si kwetu."

Mlango wa babake uliangalia jua likichomoza. Wake pia aliutaka hivyo, tangu nikiwa mtoto nasikia. Na ni kweli. Rangi zote zilikuja, kaskazini ikabaki kwenye ile IFC niliyoitupa. Programu ikaweka jua ilipopenda, na mimi sikuangalia. Nilikuwa naangalia vioo.

Nikamwambia, "Baba, ni picha tu!" Kwa ukali. Kwa mgonjwa. Akageukia ukuta.

Hasira hasara. Nina aibu, sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Kuzungusha jua: dakika tatu. Dakika tatu!

Nikakimbia saiba, duka la kompyuta, kuprinti kwa karatasi nene. Kijana wa hapo: "Niaje, hiyo keja ni ya nani?" Nyumba ya babangu, nikasema. Akasema mzee amejipanga.

Niliporudi Baba alikuwa amelala, na hajafumbua macho tangu hapo. Nimekaa kitandani nikamweleza sikioni. Mlango huu hapa. Jua hili hapa. Hapa varanda, Mama anachambua mboga. Vidole vyake vilisogea kidogo. Sijui kama ni kwa ajili yangu.

Ile kijivu ya Jumatatu ingemtosha. Mama alijua. Majuto ni mjukuu.

Jumapili, 9 Machi

Baba ametuacha. Saa nne asubuhi, majirani wakiwa kanisani.

Siwezi.

Alhamisi, 13 Machi, Bungoma

Kwetu mwanamume hatoki nyumba ya mwenzake kwenda kaburini. Asiye na nyumba hujengewa, hata kama ni ya siku moja.

Baba mdogo, ndugu yake Baba, amekuja asubuhi na wanaume sita, miti na mabati. Akauliza nani anajua marehemu alitaka mlango uangalie wapi. Nikatoa ile karatasi kwenye mkoba. Nilianza kumweleza habari ya jua lilivyokosewa, akaniinulia mkono. "Naona, mwanangu." Akasimama uwanjani akiishika mbele yake, akageuka kidogo, akageuka tena. Akapigilia mti wa kwanza.

Chumba kimoja. Mabati ya kawaida, hayana rangi. Dirisha halina kioo. Kufikia saa kumi walikuwa wamemaliza, na jioni Baba akaingizwa ndani kwa jeneza.

Ijumaa, 14 Machi

Tunazika leo.

Asubuhi Mama alikuwa mkekani humo ndani kando ya Baba, mgongo ukutani, hajalala. Jua limetoka, likaingia mlangoni moja kwa moja, likatambaa sakafuni hadi kwenye jeneza.

Nimeinama nikamwambia Baba, imefika.