Chumba Nilichokichagua kwa Udongo

Jumamosi, 29 Novemba

Nimelainisha vyungu tisa kabla jua halijapanda. Halafu mtumbwini na vile vilivyokwisha kuchomwa, kwenda mnadani Matema. Ziwa limetulia kama limelala. Milima imekaa ndani ya maji kichwa chini.

Bi Zaina kachukua vyote. Huyu ndiye anayevusha vyungu vyetu vya Ikombe mpaka Malawi. Kasema anataka mtu wa kukaa Kyela, awe anapokea mzigo na kuuza sokoni. "Mama Sekela, wewe mikono yako inajulikana. Njoo mjini uzeeke vizuri." Nikacheka. Mimi na kuzeeka wapi na wapi, mtoto wangu ana miaka kumi na tano na watu wanatuita ndugu.

Lakini sikucheka moyoni. Nilipitia geto la Sekela. Wamepanga wasichana watatu chumba kimoja, kwa sababu kutoka Ikombe kwenda shule kila siku haiwezekani. Nimekuta mabaki ya chipsi mlangoni. Kuna kijana wa bodaboda anawaletea. Mwenzao mmoja tayari kaacha shule. Sekela anasema hizo chipsi hali yeye. Namwamini. Naogopa hivyo hivyo.

Nimeamua. Nitachukua kazi ya Bi Zaina, nihame na Sekela. Popote atakaposoma, jioni anikute mimi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemwambia mama. Hakuacha kufinyanga. Kauliza tu, "Na hapa nani atanisaidia kukanyaga udongo?"

Shule zimefungwa, Sekela yupo nyumbani. Nikamweleza: tutatafuta mtaa, tutatafuta shule, ataanza kidato cha pili huko. Kasema, "Sawa." Basi. Neno hilo moja siku nzima.

Jumamosi, 6 Desemba

Kyela mjini. Chumba karibu na stendi. Muziki upande huu, mashine ya kukoboa mpunga upande ule. Mwenye nyumba kaniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko Karonga, ana mji wake, na mimi nina wangu. Kanitazama kuanzia miguuni.

Shule ya pale ni kubwa. Tumechungulia dirishani, madawati yamebanana mpaka ukutani. Sekela kasema angalau ana uhakika hakuna mwalimu atakayemjua jina. Alikuwa anatania. Nadhani.

Hatukai mjini.

Jumatano, 10 Desemba

Leo Ngonga. Naandika bado nina furaha.

Tulipanda baiskeli mbili, mimi nyuma ya mzee, Sekela nyuma ya kijana anayepiga mluzi. Mashamba ya mpunga huku na huku, mengine yameshalimwa, mengine bado makavu. Huko mbali juu ya ziwa kungu walikuwa wamepanda, wale wadudu wadogo, wamesimama kama moshi wa nyumba isiyoonekana. Nikasema hapa nimeshawahi kufika. Sijawahi. Ni kama nilipaota nikiwa mdogo.

Chumba ni kizuri. Bati jipya. Uani pamejengwa jiko la nyasi. Mwenye nyumba anaitwa Mama Lusajo, mkulima wa mpunga, mcheshi, mkono wake mgumu kama wangu. Shule iko ng'ambo ya mashamba, unaiona ukiwa mlangoni.

Ila kilichonimaliza ni udongo. Nilichimba kidogo uani kwa kidole, nikautia mate, nikausokota mkononi kama mnyoo, nikaukunja. Haukupasuka. Nikaukunja tena, duara kamili. Haukupasuka! Hata Ikombe udongo wa namna hii tunaufuata mbali, tunaubeba kichwani. Hapa uko mlangoni. Nikajiona nafinyanga kivulini, Sekela anasoma pembeni, mchana unapita polepole.

Sekela alisimama ananiangalia. "Mama, unachagua shule au unachagua chungu?"

Mama Lusajo akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Mwache mama yako, kila mtu na kazi yake. Ila mvua zikija hapa tunalala na vyura." Na mimi nikacheka. Vyura nani anawaogopa.

Sekela alitaka tukaone na Ndandalo. Rafiki yake wa darasani ana shangazi huko, kamwambia shule ni nzuri. Nikamwambia ya nini, tumeshapata. Nikatoa kodi hapo hapo.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeota usiku vyungu vinaelea ziwani, vingi, vimepangana vyenyewe kama watu wanaokwenda kanisani. Hakuna kilichozama. Nimeamka nimetabasamu.

Juzi nilikwenda kwa mkuu wa shule ya Ngonga. Mpole. Kapokea karatasi za uhamisho. Kaniambia Sekela ataandikishwa siku ya kufungua, na akishaandikishwa hakuna kuhama tena mpaka mwaka uishe. Nikasema ndaga fijo, asante sana, mwalimu, hatuna mpango wa kuhama.

Jumamosi, 20 Desemba

Tumehama. Godoro, sufuria, begi la Sekela, vyote kwenye mtumbwi mmoja. Mama hakuja kutusindikiza mpaka majini. Alibaki anafinyanga, mgongo kwetu. Nilikuwa namwona mpaka akawa kadoa, na bado hakugeuka. Nimelia kidogo, maji ya ziwa yakasingiziwa.

Jioni Ngonga palinukia mchele unaochemka. Nimelala vizuri.

Jumatano, 24 Desemba

Nimefinyanga vyungu vitano na kikaango. Udongo unanisikiliza. Nimevipanga uani vikauke kabla ya kuvichoma. Bi Zaina akiviona ataimba.

Sekela haongei. Kafua, kapika, kafagia. Hajaomba kitu. Zamani angekuwa ameshalalamikia harufu ya jiko, mbu, mimi ninavyokoroma. Anasema "sawa, mama" kama mgeni.

Jumapili, 28 Desemba

Mvua. Ilianza juzi jioni haikupumzika.

Leo asubuhi nimefungua mlango, uani hakuna. Kuna maji. Yamesimama, meupe, yanaangalia mbingu. Nikangoja yanywee. Hayakunywea. Mpaka jioni yako pale pale, yameongezeka.

Vyungu vyangu vimerudi kuwa tope. Nimeingia na miguu kuvitafuta, nikashika mdomo wa kimoja, ukaniyeyukia mkononi.

Mama Lusajo kapita na kanga imefungwa juu ya magoti, ana furaha zake, mpunga wake unakunywa. "Si nilikwambia? Hii ni mvua ya kunawa uso tu. Subiri masika uone, tunaingia ndani kwa kuruka." Nikamuuliza na watoto wa shule? "Wanakwenda maji yakiruhusu. Yakikataa wanakaa. Kuna wiki wanakaa nyumbani mpaka wanasahau daftari wameweka wapi."

Nimekaa kitandani nikajiona mjinga. Maisha yangu yote nasifia udongo usiopitisha maji. Chungu changu hakivuji, watu wa Malawi wanakinunua kwa sababu hiyo. Halafu naukuta uani kwa mtu, naushangilia, namweka mwanangu juu yake. Mkulima angeliona. Hata dereva wa baiskeli angeliona. Ni mfinyanzi tu ndiye angehamia ndani ya chungu.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Sekela alipandisha suruali mpaka magotini, akakwenda kuijaribu njia ya shule. Nilimwangalia kutoka mlangoni. Katikati ya mashamba maji yalimfika mapajani. Akasimama pale muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeshuka, nusu yake ya chini haikuonekana. Kama mtoto aliyekatwa na kuwekwa hewani. Akarudi.

Akaanza kupanga begi. Akasema, bila hasira, "Mama, mimi nitarudi geto. Kule angalau nafika darasani."

Nikasema hapana. Akasema, "Basi nirudi kwa bibi, nimsaidie udongo." Hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliishia darasa la saba nikaingia kwenye udongo, na sijutii, lakini nilikaa humo kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Yeye anafahamu kemia. Anaandika vitu ubaoni ambavyo siwezi hata kuvitamka.

Nikamwambia alale kwanza.

Ijumaa, 2 Januari

Sijapika mchana. Maji yapo. Usoni mwa Sekela hamna kitu. Mtoto akinuna unajua pa kuanzia. Huyu hanuni.

Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, nilikosea. La pili, safari hii achague yeye, mtaa na shule, mimi nitabeba godoro.

Kaniangalia kama nimesema kwa lugha ya ng'ambo.

Jumatatu, 5 Januari

Ndandalo. Alitangulia yeye, mimi nyuma. Anasalimia watu njiani kwa adabu, anauliza, anashukuru. Sikujua anajua kuongea na watu hivyo. Kwangu huwa anameza maneno.

Ni pakavu. Mvua ile ile ilinyesha huku, na njia inakanyagika. Mikokoa imefunga kivuli, unatembea kama ndani ya nyumba ya kijani isiyo na kuta, matunda yananing'inia kwenye shina, mekundu, ya njano. Sauti zinakuja kutoka mbali halafu zinakosa mwenyewe.

Sekela hakukagua chumba kwanza. Alikwenda shuleni. Akamuuliza mlinzi kama maabara inafunguliwa au imefungwa kufuli. Akauliza wasichana wawili waliokuwa wanachota maji kama mwalimu wa hisabati anaingia darasani. Mmoja akamjibu, "Anaingia mpaka unamwomba atoke." Wakacheka wote watatu. Nilisimama mbali nikajifanya nafunga kiatu.

Kisha chumba. Kwa shangazi wa yule rafiki yake, mjane, mkali kidogo. Kasema wanaume hawaingii uani kwake, na anaangalia mlango kuliko mbwa. Nikampenda.

Mkono wangu una tabia zake. Kabla sijajizuia, nilikuwa nimeshachota udongo. Mweusi, mwepesi, una majani ndani. Nikausokota. Ukakatika. Nikausokota tena, ukakatika vipande.

Sekela aliniona. "Haufai?"

"Haufai hata kwa kifuniko."

"Kwa hiyo?"

Nikaufuta mkono kwenye kanga. "Kwa hiyo tunakaa."

Alitangulia kutoka nje, nikaona mabega yake yameshuka, yale mabega aliyokuwa ameyabana tangu Desemba.

Ijumaa, 9 Januari

Siku mbaya kidogo. Godoro nimeshalibeba mpaka Ndandalo. Nimekwenda Ngonga kwa mkuu wa shule kabla hajaandikisha. Nilijiandaa kugombezwa. Kasoma barua yangu ya kumwondoa Sekela, kaangalia nje kwenye maji, kasema, "Mama, ningekuwa na binti ningefanya hivyo." Akagonga muhuri. Mama Lusajo kanirudishia sehemu ya kodi na kibaba cha mchele juu. Kasema udongo wake nije kuuchukua kiangazi, ni wangu.

Halafu Bi Zaina. Nimemwambia nitauza vya mama na vya wenzangu, mimi sitafinyanga. Kutoka Ndandalo kwenda sokoni na kurudi, muda haupo, na udongo haupo. Kasema kuuza anajua kila mtu, kufinyanga kama wewe nani anajua.

Imeniuma. Siandiki kwamba haikuniuma. Jioni vidole vilikuwa vinakunjika vyenyewe mapajani, vinatafuta mdomo wa chungu kisichokuwepo.

Nimetuma ujumbe kwa mama kwa mtu wa mtumbwi, asije akasikia kwa watu.

Jumatatu, 12 Januari

Mama kajibu. Kamwambia yule mtu wa mtumbwi aniambie hivi tu: kampata mtoto wa jirani wa kukanyaga udongo, ana miguu mizito, anafaa. Na vyungu vya Jumamosi vitakuja ishirini, nitafute pa kuviweka.

Nimemwelewa. Ndivyo anavyobariki.

Sketi imepigwa pasi. Ya mkaa, ya kuazima.

Jumanne, 13 Januari

Sekela kaenda shule. Hakutaka nimsindikize. Nikafika mpaka kwenye kona, nikarudi.

Sokoni niliuza mitungi miwili, sikumbuki kwa nani.

Ijumaa, 16 Januari

Nimerudi mapema. Kimya. Majani makavu ya mikokoa yanaanguka moja moja juu ya bati, kama mtu anayefikiri.

Sekela kaingia, katupa begi, kaanza. Mwalimu wa hisabati anakimbia kama anafukuzwa. Msichana anayekaa naye ana kiwiko kirefu, anamsukuma mpaka ukingoni mwa dawati. Sketi inambana. Uji wa shule ni maji. Shangazi kamfokea kwa kuchelewesha ndoo. Na mimi, kwa nini nimeweka chumvi nyingi kwenye maharage ya jana?

Kalalamika nikiwa nakuna nazi, kalalamika nikiwa napepeta mchele, kanifuata nje, kanifuata ndani.

Sikumjibu hata moja. Nilikuwa naogopa ataacha.

Sasa amelala, soksi miguuni, kitabu cha kemia kifuani kinapanda na kushuka. Wali umeiva. Nimeufunika. Akiamka atasema umepoa.