Mama Aliposomwa Kaburini

Mjukuu wangu Deusi,

Huku Buganguzi tupo. Mwanangu kaota jino, ananing'ata. Cheka tu, bibi yako kwa ukoo bado ananyonyesha!

Unataka kuacha somo la uandishi hapo chuoni kwa kuwa mwalimu anawafundisha kwa hadithi za magazetini na historia za marehemu zinazosomwa misibani, nawe unaona huo si uandishi. Usiache, baba.

Tulipomzika mama, katekista alisoma historia yake: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Watu walisinzia. Akafika pale nilipoandika mimi: “Akitupakulia ndizi, alisema yeye ameshiba kwa mvuke.” Mama mdogo akapiga yowe, “Ndiye huyo jamani, ndiye dada yangu!” Msiba mzima ukalia.

Mimi niliishia la saba, sijui chuoni mnakuitaje kuandika kwa namna hiyo. Ila mama alirudi kwetu kidogo, kabla ya udongo.

Bibi yako,
Mama Koku